Hela ya mifumo ya mahakama: pa kuitafutia, na jinsi ya kugawana mitambo bila kugombana

Kama uko kwenye utawala wa mahakama, au umetupiwa kamati ya TEHAMA na unatakiwa upeleke pendekezo, kitu cha kwanza kabisa tenganisha hela ya kununua na hela ya kuendesha, ziwe karatasi mbili tofauti. Hela ya kununua huwa inapatikana, kwa tabu ila inapatikana, mana mfadhili anapenda uzinduzi na serikali inapenda kuwa na cha kutaja kwenye hotuba. Hela ya kuendesha haina uzinduzi. Leseni za mwaka wa tatu, betri za UPS (kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika) zilizochoka, intaneti ya kila mwezi, skana iliyokwisha roli, na mtu wa kupokea simu asubuhi karani amekwama, hakimu ameshakaa na mawakili wanaangalia saa, hivyo vyote havina wa kuvikatia utepe. Mfumo unaweza kuwa mzuri tu ukafa mwaka wa nne kwa sababu hakuna aliyeandika mwaka wa nne nani analipa. Kwa hiyo "tutapata wapi hela" lije baada ya "mwaka wa nne analipa nani", na kushirikiana na mahakama nyingine ndo njia kubwa ya kuipunguza hiyo bili.

Hesabuni mlichonacho

Hapa usiite mshauri mwelekezi. Chukua karani mmoja anayezijua ofisi zote na kijana mmoja wa TEHAMA, wapite chumba kwa chumba na jedwali lenye safu chache tu: kifaa au programu, iko chumba gani, ilinunuliwa lini na kwa hela ya nani, waranti au leseni inaisha lini, nani anaitumia kweli, na ikiharibika anapigiwa nani. Hizo safu mbili za mwisho ndo zenye uhondo. Unaweza kukuta leseni zinalipiwa za watu ambao nusu yao walishahamishwa kituo, mahakama ya juu na ya chini zimo jengo moja na kila moja ina mkataba wake wa intaneti, masijala mbili zinaandika jina la mshtakiwa yule yule kwa herufi tofauti, na projekta ya mradi uliokwisha zamani bado imo kwenye boksi mana hakuna aliyeambiwa kuwa ni yake. Kwenye ile safu ya "anapigiwa nani" ukiona jina moja limejirudia kila mstari, basi ombi lako la kwanza la bajeti ni mtu wa pili, kabla ya seva yoyote.

Kila mahakama mnayofikiria kushirikiana nayo ifanye jedwali hilo hilo kwa safu zile zile. Mkikutana kila mtu amekuja na fomu yake, kikao cha kwanza kitaishia kwenye kulinganisha majedwali na chai.

Afu pigeni hesabu ya miaka mitano, sio ya mwaka mmoja. Wekeni bei ya kununua, kuhamisha mafaili ya zamani (hii watu huisahau kabisa na ni kazi kubwa, kuskani jalada moja la kesi ya ardhi lenye miaka kumi ni shughuli, kuna kurasa zimeshikana, kuna ramani zimekunjwa, kuna vielelezo vimefungwa kwa kamba), mafunzo ya mara ya kwanza na ya wanaohamia kila mwaka, matengenezo, umeme wa akiba, bakapu (nakala ya akiba ya data), na kubadilisha kompyuta zitakapochoka. Jumla itawatisha. Ni heri iwatishe sasa.

Pa kuitafuta

Bajeti ya kawaida ya serikali ndo ya kwanza na shida yake inajulikana: inakufa na mwaka wa fedha. Mfumo unajengwa kwa miezi 18, tenda peke yake inaweza kula nusu mwaka, halafu mwezi wa mwisho mnalazimika kununua laptopu za kumaliza kasma, yaani fungu la bajeti. Ndo mana mahakama nyingi hupigania mfuko wake. Mahakama za shirikisho za Marekani zilipata sheria mwaka 1989 iliyoanzisha mfuko maalum wa TEHAMA ambao hela yake haifutiki mwaka ukiisha, na sheria hiyo hiyo ikadai kuwe na mpango wa muda mrefu unaopitiwa upya kila mwaka, yaani wamepewa uhuru na kazi ya nyumbani kwa pamoja. Kenya, ibara ya 173 ya Katiba ya 2010 inaanzisha Mfuko wa Mahakama. Tanzania nako Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 imeweka Mfuko wa Mahakama. Kama kwenu mfuko upo, usiridhike kwamba upo, omba kasma ya TEHAMA ndani yake iwe na jina lake, la sivyo ikifika robo ya mwisho magari na safari vitaimeza. Kama haupo, ombeni angalau ruhusa ya kubakisha fedha za mradi kuvuka mwaka, hiyo mara nyingine haihitaji hata sheria mpya.

Ya pili ni ada. Hapa nenda polepole. Ada ya kufungua shauri mtandaoni inaonekana rahisi, kila anayefungua analipa kidogo, mfumo unajilipa wenyewe. Angalia yaliyowakuta Wamarekani na PACER, ule mfumo wao wa kusoma nyaraka za kesi za shirikisho, ambako ukurasa mmoja ni senti 10 ya dola na waraka mmoja hauzidi dola 3. Hela ilivyokuwa nyingi ikaanza kulipia na vitu vingine kama vifaa vya ndani ya vyumba vya mahakama, wakashtakiwa, mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikasema sehemu ya matumizi hayo haikuruhusiwa na sheria, na mwisho wake ni suluhu ya dola milioni 125 iliyoidhinishwa 2024. Somo lake ni la kihasibu tu: ada ya kitu fulani iwe na akaunti yake na orodha iliyoandikwa ya inachoruhusiwa kulipia, na mkaguzi wa ndani aione kila robo mwaka.

Na kuna upande wa mwananchi. Uingereza waliweka ada kwenye mabaraza ya kazi mwaka 2013, mashauri yakaporomoka zaidi ya nusu, na 2017 Mahakama ya Juu ikazifuta kwa sababu zilikuwa zinawazuia watu kufika kwenye haki. Ile haikuwa ada ya teknolojia ila hoja inakuhusu moja kwa moja: kama mfumo wako unaishi kwa ada, siku mashauri yakipungua na mfumo unakosa hela, halafu kila ukitaka hela zaidi njia pekee ni kumbana mlalamikaji. Mimi ningesema ada ibebe kipande kidogo, na msamaha kwa wasio na uwezo uwe ndani ya mfumo wenyewe tangu siku ya kwanza, mtu abonyeze, aombe, ajibiwe, sio aambiwe aje kaunta na barua ya mtendaji wa kijiji.

Wafadhili. Wakaribishe, ila kabla hujasaini hakikisha mambo matatu yameandikwa: data na msimbo wa programu ni mali ya mahakama, mafunzo hayaishii kwenye semina moja ya uzinduzi, na hela ya kuendesha inahamia kwenye bajeti yenu kidogo kidogo, mathalani mwaka wa kwanza mfadhili analipa yote, wa pili robo tatu, wa tatu nusu. Ukiona hataki hilo la tatu mwulize kwa upole mradi ukiisha yeye anaona nini kitatokea.

Ya nne watu hawaioni kama chanzo cha hela lakini ndo nzuri kuliko zote, kununua pamoja. Mahakama tano zikipeleka tenda moja ya skana zinapata bei nyingine kabisa, na cha muhimu zaidi zinapata fundi mmoja, spea za aina moja na mafunzo mamoja. Uliza pia kama kuna mkataba wa serikali ambao tayari umeshashindanishwa na mnaruhusiwa kununua kupitia huo, utaokoa miezi.

Nini mgawane

Kosa la kawaida ni kuanza na kitu kikubwa kuliko vyote, mfumo mmoja wa kesi kwa mahakama zote za nchi kwa pigo moja. California walijaribu. Mwaka 2004 makadirio yalikuwa dola milioni 260, 2010 yakawa dola bilioni 1.9, mahakama zenyewe za kaunti 58 nyingi hazikuwa na hamu nao, na Machi 2012 Baraza la Mahakama likausimamisha baada ya kutumia kama nusu bilioni. Mkaguzi wa jimbo alishasema mwaka mmoja kabla kwamba mipango haikuwa imefanywa sawasawa. Ukisoma kisa kile utaona teknolojia ni nusu tu ya tatizo, nusu nyingine ni kwamba waliotakiwa kuutumia na kuulipia hawakuwa wamekubali.

India wametumia njia ambayo naipenda zaidi. Mradi wao wa eCourts ulianza 2007, na awamu ya tatu iliidhinishwa 2023 kwa rupia bilioni 72.1. Programu yao ya kesi imejengwa kwa programu huria, kwa hiyo hakuna leseni ya kulipia kwa kila kompyuta, na wameigawa sehemu mbili: kiini kimoja cha nchi nzima, na nje yake sehemu ambayo kila Mahakama Kuu inarekebisha kwa taratibu zake. Kiini ndo kinahakikisha namba ya kesi, aina ya kesi na hatua za kesi zinasomeka sawa kila mahali. Hiyo ya pembeni inaondoa ugomvi, mana kila mahakama ina fomu yake ya kiapo na inaamini ya kwake ndo sahihi.

Na wakati mwingine hamhitaji hata programu moja, mnahitaji mifumo iongee. Ulaya wana e-CODEX, kila nchi inabaki na mfumo wake, wanaunganisha kwa njia moja waliyokubaliana ya kupelekeana nyaraka za kisheria, na tangu 2022 ina kanuni yake ya Umoja wa Ulaya. Estonia ilianza X-Road mwaka 2001 kwa ajili ya idara za serikali kubadilishana data, baadaye Finland ikaichukua, na 2017 nchi hizo mbili zikaunda taasisi moja ya kuiendeleza kwa gharama za pamoja. Nchi mbili zilikubali kuchangia fundi mmoja, na sisi mahakama mbili za mtaa mmoja hatuwezi?

Kwa hiyo ushauri wangu anzeni na vya chini. Intaneti ya jengo moja. Bakapu, kila mahakama itunze nakala ya mwenzake iliyofungwa kwa ufunguo ambao anao mwenye data tu, anayeitunza hana. Fundi wa mtandao na mtu wa hifadhidata, hawa mahakama ndogo haiwezi kumwajiri mmoja peke yake lakini nne zinaweza. Miongozo na video za mafunzo, hizi ni bure kabisa kugawana na ajabu watu hawagawani.

Na vifaa vinavyotembea. Chukulia sanduku la kurekodia mashauri kwa mahakama ndogo zinazokaa mara mbili kwa wiki: kamera, maikrofoni nne (hakimu, shahidi, mwendesha mashtaka, utetezi), mashine ya kurekodia, spika na nyaya. Haina mantiki kila mahakama inunue. Ila utaratibu wake lazima uwe wa kijeshi kidogo. Kalenda moja inayoshikwa na mtu mmoja, sio kundi la WhatsApp. Ndani ya kifuniko ibandikwe orodha ya vilivyomo, anayepokea na anayekabidhi wahesabu pamoja na kusaini, mana kamera haipotei kamwe, kinachopotea ni ule waya mfupi wa adapta na bila huo sanduku zima ni mzigo. Jaribio lifanyike jioni ya kabla, sauti irekodiwe na isikilizwe, sio kuangalia tu kama taa imewaka. Na rekodi zitolewe kwenye mashine na kuthibitishwa zimefika masijala kabla sanduku halijaondoka, kisha zifutwe, hutaki ushahidi wa mtoto kwenye kesi ya unyanyasaji usafiri mpaka mahakama nyingine.

Bili mnagawanaje

Hapa ndo urafiki huisha, kwa hiyo tuingie kwenye namba. Tuseme mahakama tatu zina mfumo mmoja na gharama ya mwaka tuiite 100. Ya kwanza inapokea mashauri 12,000 kwa mwaka, ya pili 6,000, ya tatu 2,000. Mkigawa sawa kwa sawa kila mmoja anatoa 33 na kidogo, mdogo atalia na ana haki ya kulia. Mkigawa kwa idadi ya mashauri tu inakuwa 60, 30 na 10, hapo mkubwa atasema seva ingekuwepo hata mdogo asingekuwepo, fundi anatumia siku nzima kwenda kwa mdogo sawa na kwangu, kwa nini mimi nibebe. Naye ana hoja. Basi changanya: 30 igawanywe sawa, kila mmoja 10, mana kuna gharama ambazo zipo hata usipofungua kesi moja, na 70 iliyobaki igawanywe kwa mashauri, inakuwa 42, 21 na 7. Jumla mkubwa 52, wa kati 31, mdogo 17. Hakuna atakayefurahi sana na hakuna atakayeondoka. Hiyo 30 kwa 70 sio msahafu, bishaneni, ila mkishakubaliana iandikwe itatumia takwimu za mwaka upi na itapitiwa upya lini, na wekeni kikomo kwamba mchango wa mmoja hauwezi kuruka zaidi ya asilimia fulani kwa mwaka, mana bajeti ya mahakama hupangwa mapema na mshtuko mmoja unatosha kumtoa mtu.

Wekeni pia akiba ndogo ya pamoja ya dharura, ya kununua kitu kimekufa leo bila kuitisha kikao.

Karatasi yenyewe

Makubaliano yasiwe marefu, lakini yasikose haya: nani mmiliki wa data ya kila mahakama (jibu, mahakama yenyewe, hata ikikaa kwenye seva ya mwenzake), nani anaamua mabadiliko ya mfumo na kwa kura gani, fundi anaripoti kwa nani, mfumo ukidondoka urudi ndani ya saa ngapi na nani anatangaza, na asiyelipa kwa wakati anafanywaje. Hilo la mwisho wengi huona aibu kuliandika. Msiandike kwamba atakatiwa huduma, huwezi kuifungia mahakama masijala kwa sababu Hazina imechelewa kutoa fedha, andikeni kwamba kura yake kwenye kamati ya pamoja inasimama mpaka alipe. Wasaini wenye mamlaka ya fedha, sio wataalam wa TEHAMA peke yao. Na kwenye kamati awepo karani wa masijala, yeye ndo anajua foleni inakwama wapi.

Funguo zishikwe na nani

Serikali ikiwa na kituo chake cha data ni jambo la busara kukitumia, ni nafuu. Lakini mahakama inasikiliza kesi dhidi ya serikali hiyo hiyo, kwa hiyo lazima ijulikane nani ana akaunti ya juu kabisa ya kuona na kubadilisha, na kila kuingia kwake kuandikwe kwenye kumbukumbu ambayo mahakama inaisoma na yeye hawezi kuifuta. Kesi za watoto, za familia na hukumu ambazo hazijasomwa zifungwe kwa funguo za mahakama. Polisi na waendesha mashtaka wakitaka kuunganishwa wapewe kipande wanachokihitaji, tarehe, hatua, amri, sio mlango mzima.

Kugawana pia kunagawana majanga. Oktoba 2023 mfumo wa pamoja wa mahakama za jimbo la Kansas, Marekani, ulivamiwa na wadukuzi, kufungua mashauri mtandaoni kukasimama wiki kadhaa na makarani wakarudi kwenye karatasi. Kaunti ya Johnson ikaendelea na kazi, kwa sababu ilikuwa bado inatumia mfumo wake yenyewe. Mtu anaweza kusoma hapo kwamba kugawana ni kubaya, mimi nasoma kwamba pamoja na mfumo wa pamoja kila mahakama iwe na uwezo wa kufanya kazi siku chache bila huo: cause list (orodha ya kesi zitakazosikilizwa) ya wiki ichapishwe kila Ijumaa, fomu za karatasi ziwepo na makarani wapya wazijue, bakapu moja isiwe imeunganishwa na mtandao kabisa, na mara moja kwa mwaka mzime mfumo makusudi asubuhi moja muone nini kinatokea. Bakapu ambayo hamjawahi kuirudisha msiihesabu.

Mwisho andikeni jinsi ya kutoka. Mahakama ikitaka kujitoa itoe taarifa miezi mingapi kabla, ipewe data yake yote kwa muundo unaosomeka na programu nyingine, pamoja na viambatanisho na kumbukumbu za nani alibadilisha nini, na gharama za kuitoa analipa nani. Kipengele hicho hicho kiingie kwenye mkataba na kampuni iliyowauzia mfumo, na msisubiri siku ya ugomvi kukijaribu: kila mwaka ombeni data ya mahakama moja itolewe nzima, muipakie kwenye kompyuta ya pembeni, kisha karani achukue majalada kumi bila mpangilio na kulinganisha ukurasa kwa ukurasa. Ikija pungufu, malipo ya robo ile yasubiri mpaka ikamilike.